Fundi viatu naye ni historia, mcheke mchoke

Nilipotea kidogo, UE zilikuwa zimenikaba koo. Leo nimerudi na ugomvi, kwa hiyo asiyependa kelele apite zake.

Tuliambiwa tupeleke mada za utafiti. Mimi nikapeleka yangu: viatu na mafundi viatu katika Vita Kuu ya Kwanza hapa kwetu. Basi kicheko! Eti "Msukuma kaacha majenerali, kaenda kuandika soli." Eti historia ni mipango ya vita na mikataba, mambo ya gundi na sindano tuwaachie watu wa stendi. Haya, nisikilizeni.

Kabla ya malori, askari wa miguu alikuwa mtembeaji kwanza, mpiganaji baadaye. Anatembea miezi, anapigana siku mbili. Ndiyo maana majeshi ya Ulaya ya karne ya 18 yalikuwa yakiagiza viatu kwa maelfu, na mshona viatu alikuwa mtu wa vita hata kama hajawahi kushika bunduki. Kule Marekani, George Washington alipopiga kambi Valley Forge majira ya baridi ya 1777 hadi 1778, askari wake wengi hawakuwa na viatu vya maana. Jemadari mzima, na jeshi lake linashindwa kutoka nje kwa sababu ya nyayo!

Sasa njooni nyumbani. Mwaka 1915 manowari za Waingereza zilifunga pwani yote ya koloni la Wajerumani. Mpaka vita inakwisha, ni meli mbili tu za Ujerumani zilizopenya na mizigo: moja 1915, nyingine 1916. Huku bara von Lettow-Vorbeck alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 11,000, achilia mbali Wazungu. Buti zilitoka wapi? Zilitoka humu humu! Ng'ombe wa nchi hii walichunwa, ngozi zikatengenezwa kwa magome ya mikoko ya pwani, mafundi wakakaa chini wakashona. Jenerali mwenyewe, kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za vita cha 1920, anaeleza kazi hiyo ya ngozi na viatu, na kwamba naye alijifunza kidogo ufundi huo. Umeona? Jenerali hakuona aibu kushika ngozi na sindano. Anayeona aibu ni mwanachuo wa mwaka wa tatu anayesubiri bumu.

Jeshi lile lilitembea. Likavuka Ruvuma Novemba 1917 kuingia Msumbiji, likarudi 1918, likaishia Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kila mtihani tunaulizwa sababu za vita na matokeo ya vita. Hakuna anayeuliza walitembea na nini miguuni.

Na hapo ndipo penye uchungu wenyewe, kwa sababu wengi walitembea na ngozi ya Mungu tu. Askari wengi wa KAR, upande wa Mwingereza, walikwenda peku. Wapagazi ndiyo usiseme. Mwanza ilitekwa na Waingereza Julai 1916, na Usukuma, uliokwisha toa watu kwa Mjerumani, ukatakiwa kutoa tena kwa bwana mpya. Mtu anabebeshwa mzigo kichwani, anatembezwa kwenye miiba, tope na funza, wiki baada ya wiki. Wapagazi waliorodheshwa kufa upande wa Mwingereza peke yake wanapita 40,000, na wengi waliuawa na magonjwa, siyo risasi. Sisemi kwamba kila mmoja angeponyeshwa na jozi ya viatu, kuhara damu hakuzuiwi na buti. Ninachosema ni kwamba aliyepanga nani avae na nani aende peku alikuwa anapanga pia nani ana thamani.

Ukienda Dar pitia Sanamu ya Askari, ile iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno matamu sana! Miguu ya jeshi, halafu miguu yenyewe haikupewa viatu. Na kila siku tunakwenda Kariakoo kununua raba za mtumba, jina la mahali hapo limetokana na kikosi hicho hicho cha wapagazi, tunapita tu.

Sasa tujiangalie. Simiyu imekuwa mkoa tangu 2012, na ukitaja Bariadi, Meatu, Maswa au Itilima, umetaja ng'ombe. Hata hivyo fundi anayekata tairi kuukuu na kushona katambuga tunamwona kama mtu aliyefeli maisha. Kule shambani kwenye pamba na machungani, katambuga imebeba watu miaka na miaka, lakini sisi tukishafika chuo tunaionea aibu, tunaificha isionekane kwenye picha. Tukimdharau fundi, tutamjengea nani kiwanda? Pale Morogoro kilijengwa kiwanda kikubwa cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake. Nchi ya ng'ombe, jamani!

Mada yangu siibadilishi. Na nyie wa kanda yetu nawapa kazi ya likizo. Ukishuka stendi usimrushie fundi kiatu na mia tano kisha ukageukia simu. Kaa kwenye kibenchi chake, muulize kajifunza kwa nani, na huyo alijifunza kwa nani. Nyumbani waulize wazee kama kuna babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita, alikokwenda, na kama alirudi. Waliotembea wenyewe hawapo tena, na wanaokumbuka walichosimuliwa wanapungua kila msimu wa pamba. Majenerali wana vitabu vyao tayari. Hawa wana sisi tu.

Anayebisha alete hoja. Kicheko nimeshakizoea.