Mwalimu wa Gita kwa Mbuzi Mmoja



Baba mmoja wa upande wa Kakonko ametuletea swali ambalo twaona lawahusu wengi. Ana kijana wa miaka 15. Kijana huyo amenunua gita kuukuu kwa fedha za maharage yake mwenyewe, na sasa ataka kufundishwa na fundi mmoja apigaye gita karibu na soko. Fundi amekubali, lakini ataka mbuzi mzima, tena mbele. "Je," auliza yule baba, "nimtoe mbuzi? Na mtoto je, hatapotelea pombeni?"

Wako watakaomwambia kwamba mwalimu hana haja, maana simu za siku hizi zaonyesha kila kitu. Ni kweli zaonyesha. Hata kulinganisha nyuzi, simu yaweza kusaidia. Lakini simu haimtazami mwanafunzi. Kijana akipinda kifundo cha mkono vibaya, au akibana uzi mbali na kile chuma kidogo kilichokatiza shingo ya gita, simu itaendelea tu kupiga wimbo wake mzuri, na yeye atarudia kosa lile lile mara mia mpaka liwe tabia. Halafu bando likwishe. Mwalimu aliyekaa mbele yake atamshika kidole, akisogeze mahali pake, na neno limekwisha.

Wazee waliokuwa na redio au santuri walikumbuka jina la Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey, aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi nyimbo na ngoma, alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi. Bosco aliimba kwa Kiswahili cha kwao, na sahani zake zilivuka mipaka zikapendwa mpaka Afrika Mashariki. Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilikaa na nyuzi nene, likienda mwendo wake bila haraka kama mama atwangaye, na kidole cha shahada kilicheza juu ya nyuzi nyembamba. Asikiaye bila kuona hudhani ni magita mawili. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, alichapisha maandiko akieleza upigaji huo kwa nota. Baadaye mpiga gita aitwaye John Low akafunga safari mwenyewe mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati wa Zaire, kuwatafuta wapigaji wale wa zamani na kujifunza kwao; kitabu chake cha habari za safari hiyo kilitoka mwaka 1982. Sahani zilikuwapo, na nota zilikuwapo, naye bado alikwenda. Kijana wetu fundi wake yuko mwendo wa miguu tu.

Na jirani zetu Warundi wana inanga, ambayo mpigaji hunong'ona maneno yake pamoja na sauti ya nyuzi. Nani angejifunza kunong'ona kule kwa karatasi?

Basi mwalimu anafaa. Tuje kwa mbuzi.

Mbuzi mzima mbele, hapana. Si kwamba fundi ni mwizi. Yawezekana amekwisha kuona wanafunzi wajao mara mbili na kutoweka, naye aogopa kupoteza jioni zake bure. Lakini mbuzi akiisha kutolewa, baba hana tena cha kushika, na akiwa hai hagawanyiki. Afadhali wapatane bei yake kwa fedha, mbele ya mtu mmoja wanayemheshimu wote wawili, kisha fedha hizo zilipwe kwa mafungu matatu. Wala mafungu yasihesabiwe kwa miezi, maana mwezi waweza kupita watu wakipiga soga. Yahesabiwe kwa kile kijana awezacho kufanya.

Fungu la kwanza lilipwe siku kijana atakapolinganisha nyuzi sita peke yake, bila msaada wa mtu. Hili wengi hulidharau, na ndilo linalowatenga wapigaji na wapiga kelele. Uzi mnene kabisa ni E, kisha A, D, G, B, na mwembamba kabisa ni E tena. Ukiubana uzi mnene katika nafasi ya tano, watoa sauti ile ile ya uzi wa pili ulioachwa wazi. Ni hivyo kwa kila uzi na jirani yake, isipokuwa uzi wa G, ambao hubanwa nafasi ya nne ili kuipata B. Baba asiyejua muziki hata kidogo aweza kusikiliza akajua kama sauti mbili zimekuwa moja. Kwa hiyo hawezi kudanganywa.

Fungu la pili ni kodi tatu. Wapigaji huziita kodi, wala si zile za serikali. Ni sauti tatu au zaidi zilizopigwa kwa pamoja. Kijana aliyeimba kwaya na kusoma solfa ana nusu ya kazi mkononi, maana nyimbo nyingi husimama juu ya kodi tatu tu, ile ya do, ya fa na ya so. Do ikiwa A, basi fa ni D na so ni E, na hizo tatu si ngumu kwa vidole vichanga. Fundi akimwanzisha mtoto kwa kodi ya F, ambayo hutaka kidole kimoja kulala juu ya nyuzi kadhaa, huyo ajionyesha ufundi wake mwenyewe. Kijana abadilishe kutoka kodi moja kwenda nyingine bila kusimamisha mwendo, ndipo fungu lilipwe.

La tatu ni wimbo mmoja mzima, mwanzo hadi mwisho, mbele ya jamaa.

Juma za kwanza vidole vitauma. Ncha zake zitakuwa nyekundu, na kijana atasema gita ni bovu. Mara nyingine kweli ni bovu! Mama au baba alichukue, atazame shingo kwa urefu kama fundi seremala atazamavyo ubao. Ikiwa imepinda sana, hata Bosco asingeipiga vizuri. Kisha abane uzi katika nafasi ya kumi na mbili. Yapasa isikike sauti ile ile ya uzi wazi, ila ya juu, kama sauti ya mtoto na ya baba wakiimba pamoja. Isipolingana, gita hilo litakuwa na kasoro daima. Na lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni lisivalishwe nyuzi za chuma, maana mvuto wake waweza kung'oa kile kipande cha mbao kinachozishikilia. Vidole vikiwa ndivyo tu tatizo, ngozi itakomaa. Dakika 20 kila siku zashinda saa tatu za siku ya Jumapili.

Sasa hofu ya pombe. Baba hakukosea kuogopa, kwa kuwa gita hupenda mahali penye watu, na mahali penye watu mara nyingi pana chupa. Lakini dawa si kulivunja gita. Mafundisho yafanyike barazani nyumbani, mchana au jioni kabla ya giza, wala si kilabuni. Fundi asiyekubali kuja barazani, aachwe pamoja na mbuzi wake asiyempata. Tena kijana apewe mahali pa kupiga. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya Desemba 1963, yaruhusu vyombo vingine mbali ya kinanda kwa idhini ya wakuu wa Kanisa wa mahali. Basi na aulize kwa paroko na mwalimu wa kwaya kabla ya kubeba gita kanisani. Arusi nazo haziishi.

Kuhusu wakati, twashauri waanze baada ya mavuno, katika kiangazi. Mtoto arudiye kutoka kupanda mahindi, mikono imekufa ganzi, hana cha kujifunza jioni ile. Na masomo ya shule yatangulie. Fundi aambiwe hivyo siku ya mapatano.

Mwisho wa barua baba huyo ameongeza mstari mmoja, ati binti yake wa miaka 12 naye ataka, je amkataze? Asimkataze. Akae barazani na kaka yake, mama au shangazi akiwa karibu na kazi zake, na fundi aelezwe tangu mwanzo kwamba wanafunzi ni wawili kwa bei ile ile, kwa kuwa nafasi na saa ni zile zile. Gita moja lawatosha. Nyuzi tu ndizo zitakazochakaa mapema, hivyo ziwekwe seti mbili nyumbani.