Je, Kimbunga cha Bahari Kitufikie Dodoma Ndipo Tujali?

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kwa kawaida huishia Aprili. Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari, waamini wa nyanda za kati nao huuliza: je, kitatufikia?

Kimbunga hupata nguvu kutoka katika maji ya bahari yenye joto, nacho hufifia kikipanda nchi kavu. Dodoma, iliyo mbali na pwani na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, haina sababu ya kuuogopa upepo wake.

Ndugu zetu wa pwani hawana kinga hiyo. Mwezi Aprili 1952, kimbunga kiliipiga Lindi. Mwezi Aprili 2021, Jobo kilidhoofika, na baada ya hapo ni rahisi kuzidharau tahadhari. Lakini tarehe 4 Mei 2024, msimu ukidhaniwa umekwisha, Hidaya kilitua Mafia. Mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara.

Tahadhari isiyotimia si uongo; ni hatari iliyotuepuka. Katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, Papa Fransisko alifundisha kuwa tabianchi ni mali ya wote. Basi aliye salama Dodoma awahimize jamaa zake wa Mafia na Kilwa wahame mabondeni na wasiingie baharini. Parokia nazo ziandae msaada mapema, sala ikiambatana na matendo.