Zaburi ya 91 Si Dawa ya Risasi



Wandugu wa gazeti waliniomba niandike juu ya neno hili: Biblia ni chakula na ngao ya kijana. Nilikubali mbio mbio, nikafikiri ni kazi ya jioni moja, juu sisi wa mwaka wa 6 tumesikia mahubiri ya namna hiyo tangu shule ya Jumapili. Lakini nimepasua karatasi mara tatu. Kila nikianza kuandika maneno mazuri, nakumbuka mambo mawili yaliyotokea hapa hapa bwenini. Basi nitayasema hayo kwanza, na asiyependa anisamehe.

La kwanza. Siku moja ya usafi nilikuwa napita vitanda, kama ilivyo kazi ya doyeni. Chini ya matela ya kijana wa mwaka wa 3 nikakuta kitambaa kidogo kilichoshonwa na uzi mwekundu. Nikajua, hii ni dawa. Nikamwambia afungue. Ndani mlikuwa karatasi ya kaye imekunjwa sana, na juu yake Zaburi ya 91 yote, imeandikwa na biki. Akaniambia: "Doyeni, hii njo kinga yangu. Yaya alinipatia siku tulitoka Uvira. Mwenye kuwa nayo, hata risasi haiwezi kumupata." Sikumnyang'anya. Nilimrudishia. Kiisha nikasikia kwamba si yeye peke yake, na kwamba kuna mwenzetu mwenye mwandiko mzuri anayewaandikia wengine kwa 500 FC. Huyo namwomba aache, naye anajijua.

La pili linanihusu mimi mwenyewe, na ni la haya. Kijana mwingine, naye wa familia zilizoteremka kutoka kaskazini, alichelewa kwenye sala ya asubuhi. Nilimkaripia mbele ya watu. Akasema kwa sauti ya chini, "Doyeni, miye niko na njaa, tangu jana asubuhi sijakula." Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba imeandikwa, mtu haishi kwa mkate tu. Wengine wakacheka, nami nikajisikia mhubiri. Saa ya tatu ya masomo alianguka darasani. Nilikuwa kati ya wale waliombeba. Alikuwa mwepesi kama mtoto.

Tangu siku hiyo nimesoma sura ile ya Matayo, ya 4, mara nyingi, na ninataka tuisome pamoja juu mambo yote mawili yamo ndani yake.

Yesu alikuwa jangwani siku arobaini bila kula. Yeye njo alikuwa na njaa. Neno la mkate alilisema juu ya tumbo lake mwenyewe, akimjibu Shetani. Hakumwambia mwenye njaa mwingine hata mara moja. Alipoona makutano wana njaa, aliwaambia wanafunzi wake wawape chakula, na akauliza kuna mikate mingapi. Katika sala aliyotufundisha, kuomba chakula cha siku kunatangulia kuomba msamaha wa dhambi. Na Yakobo, katika sura ya 2, anamsema waziwazi mtu anayemuaga ndugu mwenye njaa kwa maneno matamu bila kumpa kitu. Mimi nilichukua neno ambalo Bwana alijiambia akiwa na njaa, nikalitupa usoni mwa mwenye njaa, nami nimetoka kula bugali na ndagala. Nilimwomba kijana yule msamaha bwenini, lakini kwa kuwa nilimkaripia mbele ya watu, naandika hapa ili watu wale wale wasome.

Sasa tuendelee mbele kidogo katika sura hiyo hiyo. Shetani anampandisha Yesu juu ya hekalu, anamwambia ajitupe chini, malaika watamshika. Maneno hayo ameyatoa wapi? Ameyatoa katika Zaburi ya 91! Ile ile ya kwenye kitambaa. Katika Injili, mtu anayeitumia zaburi ile kama kinga ya mwili ni Shetani, na Yesu anakataa. Hasemi kwamba zaburi ni ya uongo. Anasema Mungu hapaswi kujaribiwa. Mimi nimeimba zaburi hiyo tangu utoto na sikuwa nimeona jambo hilo.

Ninajua mtasema: doyeni, wewe unachezea imani ya watu. Hapana. Lakini sisi wa Fizi tunapaswa kuwa watu wa kwanza kuona tofauti kati ya imani na dawa, juu dawa tumeijua kuliko wengine. Wazee wetu lubungani wanatusimuliaka juu ya 1964, wakati wa Simba. Vijana walinyunyiziwa maji, wakapewa mashariti: usiibe, usiguse mwanamke, usitazame nyuma. Wakipiga kelele "Mai Mulele", risasi zitageuka maji. Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma mwezi wa 4 mwaka 1965, akakaa Kibamba na milima ya huku mpaka mwezi wa 11, na katika kitabu chake juu ya vita vile ameandika namna dawa ilivyowasumbua yeye na Wacuba wake. Mwaka ule ule mamluki wa Mike Hoare walishuka hapa Baraka kwa njia ya ziwa, na risasi zao hazikugeuka maji. Ng'ambo, Tanganyika, mambo yalikuwa hayo hayo zamani zaidi, wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, na maji ya Kinjikitile.

Angalieni sasa jambo moja. Kila askari mwenye dawa alipokufa, mganga hakusema dawa ni bure. Alisema marehemu alivunja sharti. Aliiba, au alilala na mwanamke, au aliogopa. Hivyo dawa haikosi hata siku moja, anayekosa ni maiti, naye hawezi kujitetea.

Na sisi Wakristo tunasema nini mwenzetu akipatwa na mabaya? Nimesikia kwa masikio yangu, kwenye matanga, mtu anasema marehemu labda alikuwa na dhambi ya siri. Ni lugha ya mganga ile ile, imevaa tai. Makobola, siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999, raia waliuawa kwa mamia. Hapa Fizi ni nani asiyejua kwamba kati yao walikuwamo watu wa sala? Nani atasimama mbele ya wajane wao aseme hawakuijua Zaburi ya 91? Mimi sithubutu. Yesu mwenyewe aliulizwa juu ya watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari ya wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Ni katika Luka 13. Na marafiki wa Ayubu, waliomwambia bila shaka alitenda dhambi, Mungu aliwakasirikia.

Basi kama si dawa, inatusaidia nini? Hili njo swali, na silijibu kama mchungaji, ninajibu kama mtoto wa mkimbizi.

Bibi yangu alivuka ziwa na watoto wakati wa vita, akafikia kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa 1996 upande wa Kasulu. Katika mtumbwi alikuwa na sufuria, blanketi na Biblia ya marehemu babu. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Jioni aliwaita watoto wa shule wamsomee, mmoja sura moja, mwingine sura moja, na majirani wakaja kusikiliza. Hawakuwa Wabembe peke yao. Walikuwamo Wafuliiru, Wabwari, watu wa huku na huku ambao huku nyumbani wengine hawakusalimiana. Anasema hawakuruka kitabu. Walianza Mwanzo, wakaenda, hata zile sura za majina ya watu walizisoma, wakacheka majina.

Nilimuuliza, Bibi, ile Biblia iliwakinga na nini kule? Hakuniambia habari ya malaika. Aliniambia kwamba alipougua malaria na hakuweza kwenda kupanga mstari wa posho, mtu wa kusoma naye alimchukulia mahindi yake na hakupunguza hata kikombe. Mtoto wa mama mwingine alipopotea, waliotoka kumtafuta usiku ni wale wale wa kusoma. Na siku aliposikia kwamba mdogo wake ameuawa, hakuna aliyemwambia ni mapenzi ya Mungu. Walikaa naye, kiisha mtoto mmoja akasoma zaburi ya kulia, maana ziko nyingi za kulia, kuliko tunavyohubiriwa.

Kwa hiyo mimi ninapolisikia neno ngao, naona mahindi yale.

Tena kuna vijana watatu wa Danieli, mbele ya tanuru. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawatainama kwa sanamu. Ile "hata asipowaokoa" haiwezi kuandikwa kwenye kitambaa cha kinga, hakuna atakayeinunua kwa 500 FC. Lakini ndiyo inayomsimamisha mtu. Mwenye dawa anakuwa jasiri mpaka wa kwanza aanguke, halafu anakimbia. Habakuki naye, mwisho wa kitabu chake, anahesabu yote yaliyokosekana, matunda, mashamba, mifugo, na bado anasema atafurahi. Mtu wa Baraka angehesabu: mihogo imeoza, ndagala hazionekani, mbuzi wamechukuliwa. Tumeyaona hayo yote.

Ninaandika kwa haraka juu ya jambo hili kwa sababu hatuna wakati mwingi. Bukavu ilianguka mwezi wa 2 mwaka 2025, Uvira ikaingiliwa mwezi wa 12 mwaka huo huo, na familia zikateremka kwetu kwa barabara ya ziwa, wengine kwa miguu. Tangu hapo madarasa yamejaa na vichwa pia vimejaa. Ninajua wenzetu wawili, sitawataja, waliokwisha kuacha masomo na kwenda porini. Mmoja wao aliniambia kabla ya kwenda: "Miye siogope, niko na dawa, na tena niko na zaburi." Vyote viwili, kwa usalama zaidi! Kama tungemfundisha zaburi ile vizuri, labda angeogopa kidogo, na pengine angekuwa bado anakaa benchi la tatu pale dirishani. Kuogopa kifo si dhambi. Hata Bwana, Getsemane, aliomba kikombe kimpite.

Waheshimiwa walimu, kwenu nina ombi moja tu, nalo nalisema kwa heshima. Mwanafunzi akifukuzwa kwa ajili ya minervali asubuhi, asiulizwe jioni kwa nini hakuja kwenye sala. Shule yetu ni ya Kiprotestanti. Mkataba wa 1977 uliporudisha shule kwa makanisa, haukuzirudisha ili tuwe na wimbo wa asubuhi peke yake.

Kwenu wa mwaka wa 6 pia, tunaojitayarisha kwa Egzamen d'Etat: tafadhali, kuombea biki na kuziweka juu ya Biblia usiku kucha hakutafanya hesabu zako. Nimeona biki kumi na moja juu ya Biblia moja. Soma kaye yako, omba Mungu akupe akili tulivu, ulale mapema. Eliya alipochoka hata akataka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, tena mara mbili.

Basi tumepatana hivi na makapita wa mabweni, na Bwana Prefe ametukubalia. Kuanzia Alhamisi hii, kiisha chakula cha jioni, tutasoma katika refectoire, kitabu kizima bila kuruka. Tunaanza na Matendo ya Mitume, ambamo mna safari ya mtumbwi mkubwa katika dhoruba, watu 276, na Paulo anayewaambia kwanza wale chakula. Sisi watu wa ziwa tutaielewa. Kila mwenye kupokea kitu kutoka nyumbani, mihogo, sombe, maharage, ndagala kavu, alete kikombe kimoja kwa mama wa jikoni kabla ya Jumatano. Hataandika jina la aliyeleta wala la atakayekula. Walio nje ya interna nao waje, hasa wageni wetu wa Uvira na Bukavu.

Kijana wa mwaka wa 3 mwenye kitambaa amekubali kusoma sura ya kwanza. Ana sauti nzuri. Kitambaa bado anacho, na mimi sitamwambia akitupe. Mwenye taa ya kuchaji ailete, juu ile ya refectoire inazima saa mbili.

Doyeni wa wanafunzi, mwaka wa 6 Pedagojia