Safari ya Shabiki Huanzia Uhamiaji

Tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Tangu siku hiyo mazungumzo ya vijiweni yamekuwa ya viwanja: Arusha wamefikia wapi, Hoima kunajengwa nini, Nairobi watamaliza lini. Ni mazungumzo mazuri. Lakini liko jambo moja ambalo hatulizungumzi, nalo ni sisi mashabiki wenyewe. Je, tunajua kusafiri? Fainali hizo, ingawa twaziita za nyumbani, zitamtaka Mtanzania avuke Namanga, Mganda avuke Mutukula, na Mkenya wa Mombasa avuke Lunga Lunga. Na timu zetu zitaendelea kuitwa kwenye mashindano ya mbali zaidi ya hapo.

Nasema bila kuficha: tunazipenda timu zetu kwa moyo wote, lakini tunazifuata kwa kubahatisha. Jezi hununuliwa mapema, pasipoti hukumbukwa mwishoni. Wimbo huimbwa mwezi mzima, nauli hutafutwa wiki ya mwisho. Neno langu kwa wapenzi wa kandanda ni hili: kuifuata timu ugenini ni kazi, na kazi hupangwa. Asiyeweza kupanga na abaki aitazame mechi kwenye televisheni pamoja na wanawe, wala hatakuwa amepungukiwa mapenzi.

Tuanze na hati. Chukua pasipoti yako leo, ufungue ukurasa wenye picha. Tazama tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita zaidi, kwa hiyo iliyobakiza miezi mitatu ni kama imekwisha. Kisha soma jina lako herufi kwa herufi. Kwetu mtu huyohuyo mmoja ni Mohamed kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed kwenye kitambulisho cha taifa na Muhamed kwenye laini ya simu, na mtaani hakuna anayejali. Kaunta ya uwanja wa ndege wanajali. Jina la kwenye tiketi ya ndege, la kwenye viza na la kwenye tiketi ya mechi yote yafuate la kwenye pasipoti, bila kuongeza wala kupunguza herufi. Kurekebisha ukiwa nyumbani ni usumbufu wa siku chache. Kurekebisha ndege ikiwa inasubiri haiwezekani.

Halafu ieleweke kwamba tiketi ya mechi si viza. Waandaaji wa Kombe la Dunia la 2026 katika Marekani, Kanada na Mexico walilisema hili waziwazi: kununua kiti uwanjani hakumpi mtu haki ya kuingia nchini. Tena siku hizi mashindano yana hati yake ya ziada. Misri, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019, ulitakiwa kuwa na kitambulisho cha shabiki, na Morocco katika fainali za 2025 vivyo hivyo, nacho kiliombwa kwa simu kupitia programu maalumu. Mtu mwenye pasipoti, viza na tiketi, lakini hana kitambulisho hicho, aliishia langoni. Kwa hiyo orodha ya hati zinazotakiwa isomwe kwa waandaaji wenyewe na kwa ubalozi wa nchi husika, isisomwe kwenye kundi la WhatsApp. Na anayejitangaza kuwa ana njia ya mkato ni kishoka, hata kama amevaa jezi ya timu yako.

Jambo la pili ni ramani. Shabiki husema anakwenda Ivory Coast, kana kwamba Ivory Coast ni mtaa mmoja. Katika fainali za Afrika za Januari 2024 huko, Taifa Stars ya Tanzania walicheza na Morocco tarehe 17, kisha na Zambia tarehe 21, mechi zote mbili katika mji wa San Pédro, ulioko kusini magharibi kando ya bahari. Mechi ya tatu, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilikuwa tarehe 24 huko Korhogo, kaskazini kabisa ya nchi. Aliyepanga malazi Abidjan akidhani ataingia na kutoka alikuwa na zaidi ya kilomita 500 za barabara kufika Korhogo, na San Pédro nako si karibu. Dar es Salaam hadi Abidjan penyewe mtu hubadili ndege njiani, Nairobi au Addis Ababa. Basi droo ya makundi ikitoka, usiishie kutazama wapinzani. Tazama miji, tazama siku zilizo katikati ya mechi, uulize usafiri wa huko ni wa nini. Morocco wenye treni nzuri walimrahisishia mgeni: ungeweza kulala Rabat na kwenda Fez kwa reli. Si kila nchi ina reli hiyo.

Na tarehe ya kurudi ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Fainali za 2025 zilitufundisha. Stars walifungwa na Nigeria 2-1 kule Fez, wakatoka sare ya 1-1 na jirani zetu Uganda, wakatoka sare nyingine ya 1-1 na Tunisia tarehe 30 Desemba. Kwa pointi mbili tu wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yao, na tarehe 4 Januari 2026 wakakutana na wenyeji Morocco mjini Rabat, wakafungwa 1-0 kwa kupigana. Shabiki aliyekata tiketi ya kurudi tarehe 31 Desemba, kwa kuamini kwamba timu yake haiwezi kufika popote, aliikosa mechi kubwa kuliko zote ambazo taifa lake limewahi kucheza. Kata tiketi inayobadilishika, hata kama imezidi bei kidogo. Huo ndio ushabiki wenye imani.

Sasa tuzungumze fedha, hapa ndipo penye machozi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kaa chini na kalamu uandike nauli ya kwenda na kurudi, malazi kwa kila usiku, chakula, mabasi na teksi za huko, viza, bima ya safari, tiketi za mechi. Ukimaliza kuandika, weka pembeni akiba ya dharura ambayo haiguswi hata timu ikifika fainali. Nauli ya kurudi ilipwe kabla hujaondoka, isibebwe mfukoni kama ahadi. Ujue pia fedha ya nchi unayokwenda: Ivory Coast wanatumia faranga za CFA, Morocco wanatumia dirham, na dirham huruhusiwi kutoka nayo nje kwa wingi, kwa hiyo usibadilishe yote siku ya kwanza. Fedha zigawe mahali tofauti, zisikae zote kwenye pochi moja.

Na ninamsihi kila baba na kila mama: ada ya mtoto si nauli. Shamba si nauli. Mikopo ya kausha damu, inayochukuliwa leo na kudaiwa kesho maradufu, haijawahi kumpeleka mtu kwenye furaha. Mchezaji akirudi ameshindwa, mshahara wake unamsubiri. Wewe ukirudi umefilisika, wanao ndio wanaokusubiri.

Afya nayo isisahauliwe. Ivory Coast, kama nchi nyingi za Afrika, humtaka mgeni awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano tunayoifahamu mipakani. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na sasa kinadumu maisha. Maana yake ni kwamba anayechanjwa siku mbili kabla ya safari ana sindano, lakini hana cheti kinachokubalika. Mwenye dawa za kila siku, za presha au za kisukari, abebe za kutosha pamoja na karatasi ya daktari, azibebe mkononi na si kwenye sanduku linalopakiwa. Na kama unakwenda Morocco mwezi Desemba, beba sweta na koti la mvua. Huko ni majira ya baridi.

Nije kwenye lango la uwanja. Wapenzi wa mpira wanaikumbuka mechi ya Kameruni na Komoro ya tarehe 24 Januari 2022 kwa sababu Komoro, waliokosa makipa, walimweka golini beki wao Chaker Alhadhur. Ni kumbukumbu halali, lakini iko nyingine inayotupasa kuitunza. Siku hiyohiyo, nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu 8 walikufa katika msongamano wa kuingia. Walikwenda kutazama mpira. Kwetu pia, Agosti 2025 wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji kwenye uwanja wa Kasarani, Nairobi, baada ya watu kuvuruga utaratibu wa milango. Asiye na tiketi asiende langoni kujaribu bahati, na mwenye tiketi afike saa kadhaa kabla ya mechi. Mkiwa kundi, kubalianeni mapema mahali pa kukutana ikiwa mtapotezana au simu zitazimika. Watoto waandikiwe namba ya mzazi na kuwekewa mfukoni. Lango likisongamana, rudi nyuma. Goli ukilikosa utalitazama kesho.

Tukumbuke pia kwamba shabiki ugenini ni balozi. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho: vaa, sema na kula kwa kuwaheshimu wenyeji, jifunze salamu zao. Katika fainali za Morocco dunia nzima ilimtazama shabiki mmoja wa Kongo aliyesimama jukwaani bila kutikisika, mkono umeinuliwa kama sanamu ya Patrice Lumumba, huku mechi ikiendelea mbele yake. Hakumtukana mtu wala hakurusha chupa, na alilisemea taifa lake kuliko hotuba nyingi.

Najua wako watakaosema, "Mipango hiyo ni ya wenye nacho, sisi hohehahe tunakwenda hivyohivyo na Mungu atatusaidia." Ndugu zangu, kinyume chake ndicho kweli. Mwenye fedha akikosea tarehe hununua tiketi nyingine, na akikosa malazi huingia hoteli ya kwanza aionayo. Sisi ambao hatuna cha pili ndio tunaopaswa kupanga cha kwanza vizuri. Anayeweka kidogokidogo kila mwezi kwa mwaka mzima hufika alikoshindwa kufika aliyetegemea wiki moja ya kukopa. Mungu husaidia, naam, na mojawapo ya misaada yake ni akili aliyotupa.

Kwa hiyo natoa wito. Matawi ya Simba na Yanga, na vyama vya mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, vifanye kazi hii sasa: vianzishe mfuko wa safari wenye daftari la wazi na waweka saini zaidi ya mmoja, viwafundishe wanachama kujaza fomu za pasipoti, vipange mabasi kwa pamoja ili nauli ipungue. Pasipoti ya mwanachama akae nayo mwenyewe, asikusanyiwe na kiongozi yeyote. Vyama vyetu vya soka navyo vitangaze taarifa za tiketi na mipaka kwa Kiswahili, mapema, ili walanguzi wakose la kuuza.

Tumeambiwa tarehe ya mgeni, na mgeni safari hii ni sisi kwa sisi. Aliye Tanga aulize njia ya Nairobi, aliye Kisumu aulize njia ya Dar es Salaam, aliye Mbarara aulize njia ya Arusha. Nendeni Uhamiaji kabla foleni hazijajaa, kachanjweni, fungueni daftari la akiba mwezi huu. Timu zitafanya mazoezi yao, nasi tufanye yetu.