Maua ya Kitulo Yanatuhusu

Kaskazi ikishika, na joto la Disemba likaanza kuwatoa watu vyumbani usiku kuja kutafuta upepo barazani, wapo Watanzania wenzetu ambao saa hiyo hiyo wamejifunika mablanketi na kuota moto. Hao ni wakazi wa pembezoni mwa uwanda wa Kitulo, huko Nyanda za Juu Kusini, penye kimo cha kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Sisi ambao kilima chetu cha Masingini hakifiki hata mita 150 twaweza kusamehewa kwa kutolifikiria jambo hilo. Lakini ni katika miezi hiyo hiyo ya joto letu, tangu Disemba hadi Aprili, ndipo uwanda ule unaponyeshewa mvua na kuchanua maua kwa wingi wa kustaajabisha. Na leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu, na zaidi na wenye madaraka, juu ya maua hayo.

Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea, watu ambao kwa kawaida si wapenzi wa maneno ya mapambo, nao wameuita Serengeti ya Maua. Inahesabiwa huko mimea ya aina zipatazo 350, na miongoni mwake aina 45 za okidi. Okidi hizo si zile zing'ang'aniazo juu ya matawi ya miti. Hizi huota ardhini, katikati ya majani ya malisho, nyingine nyeupe, nyingine za waridi, nyingine za manjano, na kando yake husimama maua ya rangi ya moto yaliyo mfano wa mienge. Mbayuwayu wa buluu, ndege adimu, huja kutaga huko wakati wa mvua. Mwaka 2005 eneo la kilomita za mraba zipatazo 413 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, nayo ikawa hifadhi ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuwekwa hasa kwa ajili ya mimea, si kwa ajili ya tembo wala simba. Kwa kuwa wanyama wakubwa ni wachache, mgeni huko hafungiwi ndani ya gari. Hutembea kwa miguu, na mwenye nguvu aweza kuivuka milima ya Livingstone akashuka hadi Matema, ufukoni mwa Ziwa Nyasa.

Huenda msomaji akauliza: ni nani mwenye akili timamu atakayetumia likizo yake kupanda milima ili atazame maua? Jibu ni kwamba wapo, tena wengi. Huko Uswisi na Austria, kila theluji inapoyeyuka na Julai kuingia, watu hupanga likizo kwa kazi hiyo tu. Hupanda mlima taratibu na kitabu cha maua mkononi, wakainama, wakatazama, wakaandika jina, kisha wakaendelea na safari. Wala si matajiri peke yao. Wamo walimu, makarani na wazee waliostaafu. Vijiji vya milimani ambavyo zamani vilitegemea ng'ombe na jibini leo vinapata sehemu kubwa ya riziki kwa watu hao, maana mtembeaji hulala, hula, na hununua.

Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Kalenda ya utalii wa bara imepangwa kwa kufuata wanyama, na wanyama huonekana vizuri wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba. Mgeni anayefika Kitulo mwezi wa Julai hukuta majani makavu na baridi ya usiku yenye sakitu, akarudi akisema kuwa ameona nyika tupu. Yale maua huja na mvua, na mvua huja na matope. Barabara itokayo Chimala kwenda Matamba hupanda kwa kona nyingi hata ikapewa jina la Hamsini na Saba, na kila aliyepata kupanda gari katika mteremko wa udongo uliolowa anaweza kukisia hali ya dereva. Basi katika miezi ambayo uwanda una kitu cha kuonyesha, ndipo wageni huwa wachache.

Lakini wako wengine ambao hawakosi kufika, nao hawaji kutazama. Chini ya okidi ya ardhini kuna kiazi. Katika nchi jirani ya Zambia viazi hivyo husagwa, vikachanganywa na unga wa karanga na magadi, vikapikwa hadi kushikamana kama mkate. Chakula hicho huitwa chikanda, nacho kinapendwa sana mijini. Okidi za huko zilipopungua kwa kuchimbwa, wafanyabiashara walivuka mpaka wakaja kwetu. Mwaka 2003 watafiti Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi wao juu ya biashara hiyo katika Nyanda za Juu Kusini, na ikafahamika kuwa viazi vinavyotolewa nchini ni vya kuhesabiwa kwa mamilioni kila mwaka. Ubaya wa biashara hiyo umo katika namna mmea wenyewe ulivyoumbwa. Kila mwaka okidi hutoa kiazi kipya kando ya kile cha zamani, na hicho kipya ndicho akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho hicho, kwa kuwa ni kigumu na kizuri. Mbegu zake nazo ni kama vumbi, haziwezi kuota pasipo aina fulani ya kuvu udongoni, na mche huchukua miaka kabla ya kutoa ua.

Ni rahisi kumlaumu mchimbaji. Sisi hatumlaumu upesi, kwani mama wa kijijini anayepata shilingi kwa kikapu cha viazi hajapata kuona shilingi iliyoletwa na ua. Walinzi wa hifadhi wanafanya kazi yao, na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 juu ya biashara ya viumbe vilivyo hatarini unazihusu okidi zote. Hata hivyo, wakazi wa Pemba wanajua vizuri kuliko sisi waandishi kwamba magendo hayaishi kwa doria peke yake. Karafuu, ambayo nayo ni tumba la ua lililochumwa kabla halijachanua, ilivushwa usiku kwenda Mombasa kwa miaka mingi licha ya vyombo vyote vya dola, na ilianza kurudi maghalani pale Serikali ilipopandisha sana bei ya mkulima mwaka 2011.

Tunao pia mfano wa popo. Wale popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani kisiwa kingine chochote duniani, walikuwa kitoweo, na mwaka 1989 ilihofiwa kuwa wamebaki wachache mno. Wanavijiji walipoanzisha vikundi vya kuwalinda, na wageni wakaanza kulipa kiingilio kwenda kuwatazama pale Kidike, idadi ilipanda tena, na kabla ya mwaka 2010 kupita ilikwisha kuzidi 20,000. Popo alipata thamani akiwa hai mtini kuliko akiwa chunguni. Okidi ya Kitulo yahitaji kupata bahati hiyo hiyo.

Kwa hiyo twawaomba wahusika mambo yasiyo makubwa. Barabara ya kupandia uwandani itengenezwe kabla ya mvua, si baada yake. Vijana wa Matamba na vijiji jirani wafunzwe majina ya maua, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, wapewe kazi ya kuongoza wageni na walipwe moja kwa moja. Nyumba za kulala wageni ziwe za wenyeji. Tena Kamisheni ya Utalii Zanzibar na Bodi ya Utalii ya bara, ambazo kila moja hutangaza upande wake, zikae pamoja juu ya jambo hili moja, kwani visiwani hatukosi wageni katika miezi ya Januari na Februari, na baadhi yao ni wale wale wanaotembea milima ya Ulaya kwa ajili ya maua.

Na sisi wenyewe je? Mtoto wa Unguja hujifunza shuleni kuwa nchi yake ina milima, akazeeka bila kuiona. Likizo ya Disemba inaangukia mwanzo wa maua. Kutoka Dar es Salaam mabasi ya Mbeya hupita Chimala kila siku. Atakayekwenda na kanzu nyepesi peke yake atajuta usiku wa kwanza. Achukue sweta na viatu vya kukanyagia matope. Picha moja ya uwanda wa Kitulo wa mwezi wa Februari ikitundikwa pale bandarini Malindi, abiria wanapongojea boti, haitagharimu fedha nyingi, na twaamini wapo watakaouliza ni wapi.