MAARIFA YA NYUMBANI: Vumbi la Breki Lisiingie Ndani

Mwezi huu tunazungumzia kazi ambayo katika nyumba nyingi huachiwa watoto siku ya Jumamosi, nayo ni kuosha gari. Kwetu Mtwara kazi hiyo ina ugumu wake. Gari likirudi kutoka Newala, baada ya miteremko ya uwanda wa Makonde, rimu za mbele huwa zimevaa weusi usiotoka kwa maji matupu. Likikaa siku chache Shangani au Mikindani penye upepo wa chumvi, weusi ule hugeuka kuwa madoa ya kutu.

Madoa haya hutoka wapi? Dereva akikanyaga breki, pedi huibana diski ya chuma, na vyote viwili husagika kidogo kidogo. Unga wake, ukiwa bado wa moto, hurukia rimu na kung'ang'ania kwenye rangi. Ndani yake mna chembe za chuma, nazo zikipata unyevu na chumvi hushika kutu. Magurudumu ya mbele huchafuka zaidi kwa sababu uzito wa gari huegemea mbele linaposimama.

Namna ya kuosha:

1. Acha rimu zipoe kabisa, na gari liwe kivulini.
2. Mwagia maji mengi kwanza kabla ya kugusa kitu.
3. Osha kwa maji ya sabuni na dodoki laini. Pembeni tumia mswaki uliochakaa. Ndoo na dodoki la magurudumu viwe vya peke yake, kwani zile chembe za chuma zitakwaruza rangi ya gari.
4. Madoa ya kutu yakibaki, paka maji ya ndimu, ngoja dakika 3, kisha suuza vizuri. Jaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, na ndimu isifike kwenye diski.
5. Futa kwa kitambaa. Kabla ya safari, gari liende polepole huku dereva akikanyaga breki mara kadhaa ili zikauke.

Usisugue kwa waya wa sufuria wala msasa. Usitumie maji ya betri. Yanaunguza ngozi na kula rimu. Wala usitumie mafuta ya taa au dizeli. Ni kweli hung'arisha, lakini yakifika kwenye diski au pedi, breki huteleza.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuchague somo hili. Watoto wengi hulipangusa vumbi hili likiwa kavu, au hulipuliza kwa mdomo. Tusiwaruhusu. Kwa miaka mingi pedi za breki zilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho. Nyuzi hizo zikivutwa hubaki mapafuni, na zinaweza kuleta saratani baada ya miaka 20, 30 au hata zaidi. Japani, yanakotoka magari mengi tunayoyatumia, ilipiga marufuku pedi za asbesto mwaka 2004, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Lakini pedi hubadilishwa mara nyingi katika maisha ya gari, na kwa kuitazama tu hakuna awezaye kujua pedi ya dukani imetengenezwa kwa nini.

Jambo hili linatuhusu sisi wake hasa. Mwaka 1965 Muriel Newhouse na mwenzake Thompson walichapisha utafiti wao wa London juu ya saratani hii. Miongoni mwa wagonjwa walikuwamo wanawake ambao hawakukanyaga kiwandani. Walikuwa wakifua nguo za kazi za waume zao. Vumbi la kiwanda kile lilikuwa jingi kupita la gari letu moja, lakini mama ambaye mumewe ni fundi wa breki hufua nguo zake kila wiki.

Basi vumbi la breki liloweshwe kwanza, siku zote. Nguo za fundi zisikung'utwe ndani wala kuchanganywa na nepi. Ziloweke katika beseni lake, ndipo zifuliwe. Naye baba akirudi, abadilishe nguo kabla ya kumpakata mtoto.

Mwisho, anayeosha rimu atazame anachoosha. Gurudumu moja likiwa jeusi kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda breki yake imekwama. Ukiona mvuke au harufu ya kuungua baada ya safari, mwite fundi. Na ukikuta majimaji ya mafuta ndani ya rimu, huenda ni mafuta ya breki yanayovuja. Siku hiyo gari lisitoke nyumbani, hata kama watoto wanachelewa shuleni.