Jina la Baba Halitandiki Lami

Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya uhuru, dereva atokaye Nairobi kwenda Moyale aliiaga lami mjini Isiolo. Mbele yake palisalia kama kilomita 500 za vumbi na mawe, na mvua inyeshapo, matope. Si ajabu watu wa kaskazini wakishuka Nairobi walisema, "Tunakwenda Kenya."

Kosa la nani? Mkoloni alilifungia eneo lile. Kisha, mwaka 1965, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ikatoa Waraka Nambari 10, ulioelekeza fedha kwenye ardhi ya rutuba na mvua ili faida ipatikane upesi. Ng'ombe na ngamia wa Waborana na Wasomali, waliopukutishwa na vita vya shifta, hawakuingia katika hesabu hiyo.

Mwaka 2013 mwanawe Mzee, Uhuru, akakalia kiti cha baba. Katika zama zake lami ilifika Moyale, na mwaka 2017 akaufungua uwanja wa ndege wa Isiolo. Je, tuseme mwana amelipa deni la baba?

Taratibu, ndugu msomaji. Barabara ile ilianzwa zama za Mwai Kibaki, mtoto wa mkulima. Na fedha za kaunti zililetwa na Katiba ya mwaka 2010, iliyopitishwa kwa kura za wananchi. Kifungu cha 204 kimetenga nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme wa sehemu zilizoachwa nyuma.

Hapo ndipo penye hoja. Ukoo ukitawala, haki hugeuka hisani, na hisani mwenyewe hutoa atakapo na kunyima atakapo. Sheria haikuulizi u mwana wa nani, mradi wapo wa kuidai.

Nasi wa pwani yatuhusu. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, na njia yake ya kwenda Ethiopia na Sudan Kusini imepangwa kupita Isiolo. Isiolo ikilala, Lamu haitaamka.

Basi ifikapo kura ya 2027, ajaye na jina la babake tumpokee kwa adabu, kisha tumuulize: maji wapi, soko la mifugo wapi? Chuoni tulifunzwa kuwa aliyecheleweshwa na amali zake, nasaba haimfikishi.